Flashi ya kikoba ilipobaki tupu

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa Majengo, Moshi. Hisa, mikopo, marejesho na faini, vyote naviandika kwenye kompyuta ya nyumbani, na kila mwisho wa mwezi napeleka flashi steshenari kuchapisha taarifa ya mkutano. Machi 2025 nilirudi na karatasi zangu, nikachomeka flashi ili niongeze mwanachama mpya. Kila folda ilikuwa na kimshale kidogo pembeni na ukubwa wa KB 2 tu. Nikabofya. Folda ikafunguka, hesabu nikaziona, nikaendelea na kazi.

Kesho yake nikachomeka flashi ya kwaya. Nayo ikageuka vilevile, nikiitazama. Nikazifuta zile shotikati, yaani vile vialama vyenye kimshale, nikidhani naondoa uchafu, na flashi zote mbili zikabaki tupu. Ya kikoba ilikuwa na hesabu za miaka mitatu ambazo sikuwa nazo kokote kwingine. Jasho lilinitoka. Fedha za watu ni amana. Ningewaambia nini wenzangu?

Fundi niliyempigia alisema nifomati flashi, yaani niifute yote ianze upya, halafu nimpelekee kompyuta aipige Windows upya. Kabla sijatoka nikampigia mtoto wa kaka yangu, anayefanya kazi Arusha.

“Shikamoo shangazi. Tafadhali usifomati chochote. Bofya kulia kwenye flashi, fungua Properties. Imetumika kiasi gani?”

“Inasema GB 3.”

“Basi mali yako ipo. Imefichwa tu.”

Akanieleza taratibu. Kirusi cha aina hii hakifuti mafaili. Huyapa alama ya kufichwa, kisha huweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, kinaamka kwanza chenyewe, ndipo kinakufungulia folda ili usishtuke. Kumbe ndivyo kilivyoingia kwenye kompyuta, na kwa hiyo tulianza na kompyuta, la sivyo flashi ingeambukizwa tena dakika ileile. Kwenye Task Manager, orodha ya programu zinazofanya kazi, tulikuta wscript.exe, ile ya Windows inayoendesha amri zilizoandikwa kwenye faili, ikifanya kazi wakati sijafungua kitu. Tukaisimamisha, tukakifuta kifaili kilichokuwa kinaiamsha kila nikiwasha mashine. Kisha nikafungua ule ukurasa mweusi wa amri, nikaandika herufi kwa herufi alivyonisomea, E ikiwa ndiyo flashi yangu:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zikarudi moja baada ya nyingine. Nilizihesabu mara mbili.

Swali lililobaki lilinisumbua zaidi: Windows 10 ina Defender, antivairasi yake yenyewe, ndani yake, mbona ilikaa kimya? Kijana akaniuliza nani aliizima. Nikakumbuka. Programu ya ofisi niliwekewa ya wizi, na wakati wa kuiweka ilitaka antivairasi izimwe kwanza. Haikuwashwa tena. Isitoshe, mimi mwenyewe nilikuwa nimezuia masasisho ili bando lisiishe. Akanikumbusha WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya kompyuta nyingi duniani Mei 2017: Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba pengo lile, tangu Machi ya mwaka huohuo, na mashine ambazo hazikukiweka ndizo zilizoathirika.

Usiku ule niliing’oa ile programu ya wizi, nikaweka LibreOffice, ambayo ni ya bure na inafungua majedwali yangu ya Excel. Nikawasha Defender, nikaacha ifanye ukaguzi wa nje ya mtandao: mashine inajizima, inawaka, inajichunguza kabla Windows haijafunguka. Ilichukua kama robo saa, ikanasa vipande viwili zaidi. Sasa masasisho nayashusha kwa bando la usiku. Oktoba 2025 Microsoft iliposimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, mashine yangu haikuwa na sifa za kupokea Windows 11, nikajiandikisha kwenye yale ya ziada ya usalama yanayokwenda hadi Oktoba 2026. Huo ni muda wa kudunduliza mashine nyingine.

Watoto nimewafungulia akaunti yao isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Hesabu nazinakili kila Jumapili kwenye diski ya nje, kisha naichomoa na kuiweka kabatini, kwa sababu kuna virusi vinavyofunga mafaili kwa ufunguo na kudai fedha, na diski iliyochomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.

Steshenari bado naenda, tena kwa dada yuleyule. Mashine yake inapokea flashi za mji mzima na simlaumu. Ila flashi ninayompelekea sasa ina faili moja tu la PDF. Nikirudi nyumbani, kabla ya kufungua chochote, naikagua kwa Defender. Mwezi uliopita ilirudi na folda yenye kimshale. Defender iliiondoa, nikaifomati flashi bila hofu, maana hapakuwa na kitu cha kupoteza humo.