Njia ya Sake, karabirateri wazi

Binti yangu alikuwa akinipangia vyombo vya pikipiki juzi, akakuta kipande cha waya wa sharja ya simu kimekunjwa ndani ya kitambaa pamoja na ufunguo wa buji, ile plagi ya injini. Akaniuliza, "Papa, hii si imekufa? Niitupe?" Nikamwambia airudishe pale pale. Mwaka ule alikuwa Bukavu na bibi yake mzaa mama, hakuona kitu.

Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu wa Goma, Kongo, ililipuka Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021. Lava ikashuka mpaka Buhene, ikasimama hapo, lakini ardhi haikutulia. Nyumba zilitikisika usiku na mchana, kuta zikapasuka. Alhamisi tarehe 27, alfajiri, gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kartie, yaani mitaa, 10 kati ya 18 za Goma ziondoke, kwa sababu magma ilikuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Sisi wa Mabanga Sud tulikuwamo. Mdogo wangu alikuwa ameshatoka na majirani kwa miguu. Mimi nikampakia mama, mfuko wake ukiwa katikati yetu, tukashika njia ya Sake.

Ni kilomita kama 25 hivi, siku nyingine unazimaliza kabla hujachoka kukaa. Siku ile njia nzima ilikuwa watu. Malori, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zenye magodoro, mbuzi, akina mama wenye masufuria kichwani, wote mwendo mmoja, mwendo wa miguu.

Esanse, yaani petroli, ilikuwa kidogo. Tulipopita Ndosho ikakata, nikageuza robine, koki ya esanse, kwenye rezeve, ile akiba ya chini ya tangi, na taabu ikaanzia hapo. Nikivuta gesi kwa nguvu, injini inaitika vizuri kabisa. Nikiachia, inakatakata, inatetemeka, inazima. Na njia ile haikuwa na nafasi ya kuvuta gesi! Ningemgonga mtoto wa mtu. Nikawa napiga kiki, tunasogea kidogo, inazima, napiga tena, mama nyuma amenishika shati bila kusema neno. Kisha nikajaribu kuvuta sitateri, yaani choki. Injini ikatulia. Nikairudisha, ikazima.

Hapo nikajua pa kutafuta. Sitateri inaongeza esanse dhidi ya hewa. Injini inayotulia ukiivuta inakuambia kwamba esanse haiifikii ya kutosha.

Karibu na Mugunga nikaisukuma kando, juu ya mawe meusi ya lava ya zamani. Nilitaka kuwa na hakika, kwa hiyo nikaanza na buji, kabla sijafungua chochote chenye esanse. Ncha yake ilikuwa nyeupe. Buji ya injini yenye afya ina rangi ya kahawia. Ikiwa nyeusi yenye masizi, esanse imezidi. Ikiwa nyeupe, esanse imepungua. Nikairudisha kwenye kofia yake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki, cheche ya bluu ikaruka. Umeme upo. Filta ya hewa ilikuwa imejaa lile vumbi letu jeusi, lakini filta iliyoziba ingenipa buji nyeusi. Nikaikung'uta tu, nikaifunga.

Nikafunga robine, nikalegeza mikanda ya karabirateri, chombo kinachochanganya esanse na hewa, nikaigeuza ubavu, nikafungua visi, yaani skrubu, za kikombe cha chini. Mama alikuwa ametandika kitenge chake juu ya jiwe ili kila kisi ikae mahali pa kuonekana. Kikombe kikashuka mkononi mwangu kimejaa, na chini ya esanse nikaona maji. Yalikuwa vitone vya mviringo, vinateleza huku na huku kama shanga, na kati yao uchafu mwekundu wa kutu. Maji ni mazito kuliko esanse, hukaa chini ya tangi. Mrija wa kawaida umesimama juu kidogo ndani ya tangi, hauyagusi. Mrija wa rezeve unanyonya kutoka chini kabisa. Mvua zote za miezi ile zilikuwa zimenisubiri pale.

Nikatoa jigleri mbili, vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia esanse, nikazielekeza mbinguni moja moja. Ile kubwa, ya mwendo wa kasi, ilipitisha mwanga. Ile ndogo, ya ralanti, yaani injini ikizunguka bila kuvuta gesi, giza tupu. Ndiyo inayoilisha injini unapotembea polepole. Nikaipuliza kwa mdomo mpaka midomo ikawaka. Giza.

Fundi wangu wa Birere, aliyenifunza kazi hii, alikuwa na amri moja: jigleri haiguswi kwa waya wa chuma. Jigleri ni shaba ya manjano, laini. Chuma kinapanua tundu, na tundu likishapanuka hulirudishi, injini itakunywa esanse maisha yake yote. Kebo ya ambreyaji, yaani klachi, ilikuwa pale pale mbele ya macho yangu, nyuzi zake zinatosha, na zote ni chuma.

"Unatafuta nini, papa?"

"Waya ya shaba, mama. Nyembamba."

Akafungua fundo la kitenge kiunoni, akatoa sharja ya simu yake. Nikamwangalia. Simu ile ndiyo mdogo wangu angepigia, na alama ya betri ilikuwa imeshakuwa nyekundu.

"Kata tu," akasema. "Simu ni ya kesho."

Nikaukata kwa meno. Ndani ya ngozi ya plastiki nikapata nyuzi za shaba, nikasokota mbili, nikaziingiza. Zikagoma. Nikazizungusha kati ya vidole, polepole, na ardhi ikatikisika wakati huo huo, watu barabarani wakapiga kelele, mama akafunika kikombe na visi kwa viganja vyake viwili vumbi lisiingie. Mimi sikuinua kichwa. Nikasikia uzi unapenya. Punje moja ikatoka, ndogo, sikuiona ilipoangukia. Nikaiinua jigleri tena, na ndani yake mlikuwa na mbingu, nukta moja ya mwanga, ya mviringo, safi.

Mengine yalikwenda upesi. Nikaachia esanse ya tangi ndani ya chupa mpaka maji yakaisha, nikafunga vyote, nikapiga kiki. Injini ikashika ralanti na kubaki hapo, tuku tuku tuku, bila mkono wangu. Tukaingia Sake jua likizama, tukalala uani kwa watu wasiotujua, waliotupa mkeka na maji.

Simu ikazima usiku ule. Pale Sake palikuwa na mwenye sola anayechajisha, lakini sharja yenye mdomo wa simu ya mama hatukuipata mpaka kesho yake jioni. Mdogo wangu hakuwa Sake. Alikuwa amegeuka njiani kufuata bandari, akapanda boti ya kwenda Bukavu, na kutoka huko alipiga simu usiku kucha. Tuliporudi Goma mwezi wa sita, serikali ilipokwisha kuruhusu, alimkumbatia mama mlangoni akakataa kumwachia.

Mpaka leo hawajakubaliana. Mdogo wangu anasema hakuna injini inayolingana na usiku ule, kwamba alikuwa ameshaanza kutulilia kama tumekufa. Mama anamjibu kwamba yeye alikuwa na mtoto mmoja mbali na mmoja mbele yake kando ya njia, akamsaidia yule aliyeweza kumfikia. Wananigeukia mimi niamue. Nimewasikiliza wote wawili, na kila mmoja akimaliza kusema naona ana haki.