Majivu ya jikoni

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, niko mafunzo kwa vitendo katika maabara moja ya udongo mkoani Kagera. Mzee mmoja alituletea udongo wa kibanja chake cha migomba ndani ya mfuko wa rambo. Alitaka kujua anunue mbolea gani.

Kupima potasiamu, kirutubisho cha mimea, nikapewa mimi. Gramu 5 za udongo mkavu, tikisa na amonia asetati, kimiminika kinachoitoa potasiamu kwenye udongo, chuja, timiza mililita 100. Standadi, yaani vimiminika vyenye potasiamu ya kiwango kinachojulikana, nilishaziandaa jana yake: gramu 1.907 za kloridi ya potasiamu iliyokaushwa kwenye oveni, ndani ya lita moja, ni miligramu 1000 za potasiamu. Hapo unazimua kwa maji mpaka upate miligramu 2, 4, 6, 8 na 10 kwa lita.

Fotomita ya mwali, mashine inayopima potasiamu kwa mwanga wake ndani ya moto, naipenda hadi leo. Kimrija chembamba kinafyonza standadi, kompresa inanguruma chini ya meza, na ule mwali wa buluu unaingiwa na zambarau hafifu ambayo usipokodoa macho huioni. Mashine yenyewe haitegemei zambarau hiyo; kichujio chake kinapitisha mwanga mwekundu wa potasiamu, wa karibu nanomita 767, ambao jicho halioni vizuri.

Sampuli ya mzee ikapita standadi ya 10. Nikaizimua mara kumi, ikasoma 1.6. Nikakokotoa mbio: 1.6 mara 100, gawa kwa 5, ni miligramu 32 kwa kilo. Gawa kwa 391 upate kipimo cha ripoti, sentimoli kwa kilo: 0.08. Chini ya 0.2 tulihesabu ni pungufu. Nikaandika: upungufu mkubwa.

Mama fundi sanifu akasoma daftari langu, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

“Mwanangu, kibanja hiki kiko wapi?”

“Nyuma ya nyumba, mama. Mzee alisema.”

“Nyuma ya nyumba, majivu na maganda ya ndizi yanamwagwa humo miaka yote, halafu kikose potasiamu? Umeizimua mara ngapi?”

Mwili ukaniisha nguvu. Ile kumi sikuizidisha. Jibu lilikuwa miligramu 320, yaani 0.82, na mzee yule angekwenda kutoa hela ya kahawa yake kununua mbolea asiyoihitaji. Nilikata mstari mmoja juu ya namba ya zamani, nikaandika mpya, nikatia saini pembeni.

Aliporudi kuchukua majibu, mama alinisukuma mbele nimweleze mwenyewe.

“Kwa hiyo majivu niendelee kumwaga?” akauliza.

“Humo yametosha, babu. Yapeleke kwenye lile shamba la mbali.”