Kumbukumbu ya mita 300: mwezi wa nne, Mafinga

Kwa Jumamosi tatu mfululizo nimekuwa nikiulaumu upepo wa Mufindi, wilaya yetu mkoani Iringa, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Risasi tano nilizopiga nikiwa nimelala kifudifudi, kwa mita 300, zilitawanyika katika upana wa sentimita 30 hivi, ilhali mwezi uliopita bunduki hiyo hiyo ya kaliba .308 ilikuwa ikiziweka zote katika eneo la kufunikwa na kiganja. Shabaha ya kimataifa ya umbali huo ina duara la alama 10 lenye kipenyo cha sentimita 10 tu, na kwa mtawanyiko wa namna ile hakuna cha kujifunza, kwani ukirekebisha darubini ya bunduki kulifuata tundu moja, la pili linatokea upande mwingine.

Aliyebaini tatizo ni mzee anayetusimamia mazoezini, mwanajeshi mstaafu. Baada ya kuhakikisha kwamba chemba ya risasi ni tupu, aliishika darubini kwa vidole viwili na kuisukuma polepole, nami nikaona ufa mwembamba wa vumbi jekundu ukifunguka kati ya kikamatio cha darubini na chuma kinachokibeba. "Mwanangu, upepo umesingiziwa," akasema, kisha akaenda zake kuwatazama wengine.

Kisa chake ni barabara. Bunduki yangu husafiri nyuma ya pikapu kwenye njia ya vumbi yenye matuta madogo madogo yasiyokwisha, na mtikisiko huo ulizilegeza skurubu kidogo kidogo hadi darubini ikawa inahama kila risasi inapotoka. Nilizifungua zote, nikafuta mafuta kwa spiriti, nikazirudisha kwa zamu upande huu na upande ule, nikitumia spana inayopima nguvu ya kukaza badala ya kutegemea mkono. Mwishoni nilichora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha kila skurubu hadi kwenye kikamatio: skurubu ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na jicho linaona kabla risasi haijapotea. Sanduku la bunduki sasa linalala juu ya kipande cha godoro.

Baada ya hapo ndipo nilipoweza kuushughulikia upepo wenyewe. Uwanja wetu unavuka bonde dogo, na pale ninapolala nyasi zinaweza kutulia kabisa huku katikati ya bonde upepo wa kusini-mashariki ukipita kwa nguvu. Kwa hiyo nimesimamisha mianzi miwili, mmoja mita 100 na mwingine mita 200, kila mmoja ukiwa na utepe wa kitenge chepesi. Kwa risasi ninayotumia, upepo wa mita 4 kwa sekunde unaovuma kutoka ubavuni huihamisha karibu sentimita 15. Kliki moja, yaani hatua moja ya kurekebisha darubini yangu, ni sentimita 1 kwa mita 100, yaani sentimita 3 kwa mita 300, hivyo upepo huo unadai kliki 5. Jua likishapanda huwa nayatazama pia mazigazi, yale mawimbi ya joto hewani, kupitia darubini: yakipanda wima, hakuna upepo wa ubavu wa kuhesabu, yakilala upande, yananionyesha unakoelekea. Ninayaamini kuliko utepe, kwa kuwa yanaonyesha hali ya hewa ile ile ambayo risasi itaipitia.

Jambo jingine la huku kwetu ni mwinuko. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Hewa nyepesi haiikwamishi risasi sana, kwa hiyo hushuka kwa kiasi pungufu kuliko inavyoandikwa kwenye majedwali yaliyotengenezwa kwa usawa wa bahari. Kwa mita 300 tofauti ni ndogo, lakini yeyote anayetaka kwenda mita 600 aandike jedwali lake mwenyewe, hapa hapa, asubuhi ya baridi na mchana wa jua.

Mfuko wa kuegemezea kitako cha bunduki nimeushona kwa mguu wa suruali ya jinzi ya mtumba na kuujaza mchanga mkavu. Ninaubana kwa mkono wa kushoto kuinua au kushusha alama ya kulengea, natoa pumzi, na katika utulivu ule mfupi ndipo ninapokivuta kifyatulio. Nyumbani ninarudia hayo kila jioni bila risasi.

Jumamosi iliyopita tundu nne zilikaa ndani ya kiganja. La tano lilitoka sentimita 9 kushoto, kwa sababu utepe wa mita 200 ulilegea wakati kidole changu kilikwisha anza kuvuta, na sikukizuia. Wiki ijayo ninaongeza mwanzi wa tatu pale bonde linapofunguka.