Mchezaji, Mganga na Pepo Mtoto

Jumapili, saa nne asubuhi. Vikombe vya jana bado viko kwenye sinki, na spika la Fundi bado liko sebuleni, zito kama gunia la mchele, maana saa saba usiku hakuna aliyekuwa na nguvu za kulishusha ghorofa tatu. Nimeamka na kinyongo. Nimekizungusha tangu alfajiri nikitafuta wa kumbebesha, nikaona ni changu mwenyewe.

Kwa asiyetujua: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana watu wanne kusikiliza jazi. Si ya Morogoro Jazz wala Western Jazz, ingawa Mwalimu akishashiba hutukumbusha kwamba ujanani kwake neno hilo lilimaanisha bendi, basi, hata kama inapiga rumba mpaka asubuhi. Sisi tunasikiliza ile ya Marekani. Kila mtu anakuja na kibao chake, na sheria ni moja: hakuna kuongea mpaka kiishe. Anayeivunja kila mwezi ni Mwalimu, na ndiye aliyeitunga.

Jana alitubadilishia utaratibu. "Leo hakipigwi kitu mpaka kila mtu ataje albamu anayoipenda kuliko zote, na aseme kwa nini."

Mimi nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, kama mtoto aliyekariri. Kind of Blue ya Miles Davis. Nikashusha yote: imerekodiwa kwa siku mbili tu, 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30 kule New York, jengo lililokuwa kanisa. Kwamba wapiga saksafoni Coltrane na Cannonball Adderley wamesimama pamoja humo, na Bill Evans yuko kwenye piano isipokuwa kibao kimoja alichokaa Wynton Kelly. Nilikuwa bado nina pumzi.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, akanyanyua kikombe, akapuliza chai. "Mwanangu, hayo yameandikwa nyuma ya jalada. Mimi nimekuuliza wewe."

Kimya. Fundi akaniokoa, au tuseme alishindwa kujizuia, maana Kind of Blue ikitajwa lazima aseme habari ya mashine. Siku ile ya Machi mashine mojawapo ya kurekodia ilikuwa inakwenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake, kanda ikipigwa kwa mwendo wa kawaida, muziki unakimbia na sauti inapanda. Upande mzima wa kwanza wa santuri ulitoka hivyo, ukauzwa hivyo duniani kote, mpaka toleo la 1992 liliporekebisha kwa kutumia kanda ya mashine nyingine. Waliowahi kupiga gitaa nyumbani wakiifuatisha walikuwa wanahangaika kuoanisha nyuzi bila kujua mwenye kosa ni nani.

"Ndiyo maana hiyo yenu imelala," akasema Mwalimu. Yeye ana kaseti aliyoipata miaka ya themanini.

"Mwalimu, iliyorekebishwa ndiyo waliyoipiga."

"Mimi studio sikuwepo, Fundi. Mimi nilikuwa na kaseti yangu."

Walibishana nusu saa nzima. Nami nilikaa kimya nikijua kwamba hata hilo la mashine nililijua zamani, na kwamba kama wangenizimia taa wakanipigia matoleo yote mawili, nisingeweza kusema lipi ni lipi. Mwalimu angeweza. Ameishi na kosa lile miaka arobaini mpaka limekuwa la kwake.

Zamu ikamwendea Shangazi. Ni muuguzi mstaafu, mtu wa Unguja, na huwa haongei mengi mpaka achokozwe. Akataja Lady in Satin ya Billie Holiday, na Fundi akamchokoza. Alisema yeye ile hawezi kuimaliza. Mwanamke aliyeimba na Lester Young miaka ya thelathini, sauti inateleza juu ya saksafoni yake mpaka hujui nani anamfuata nani, leo umsikilize akikwaruza namna ile? Februari 1958 Billie alikuwa na miaka 42, lakini pombe na dawa za kulevya zilikuwa zimeshamwongezea mingine thelathini. Miezi kumi na saba baadaye alikuwa kaburini. Fundi anaona ni kumdhalilisha marehemu, kama kumpiga mtu picha akiwa mahututi.

Shangazi alirekebisha mtandio wake taratibu. "Wewe ulipata kumsikia Bi Kidude akiimba?"

"Nilimsikia, Shangazi."

"Mzee wa miaka chungu nzima, sigara mkononi, sauti kama mlango wa kale. Ulimwambia imechakaa? Ulitafuta kanda za usichana wake?"

Fundi akacheka, akainua mikono. Lakini Shangazi alikuwa hajamaliza. Alisema alipokuwa wodini alizoea kusikia watu wakizungumza baada ya kupoteza karibu kila kitu, na mtu wa namna hiyo hapotezi neno. Kisha akatuwekea. Violini zinaingia kwanza, nyingi, tamu kupita kiasi, kama keki ya harusi, halafu katikati yake inatoka ile sauti kavu. Anaufikia mwisho wa mstari, pumzi imekwisha, neno limebaki nusu, na hilo nusu analiweka mahali pake bila haraka. Nilimtazama Shangazi. Midomo yake ilikuwa ikisogea, na kila neno alilitamka mbele kidogo ya Billie, kama mtu anayemshika mkono mgonjwa kwenye ngazi.

Bado nadhani violini zile zingepunguzwa. Sikuthubutu kusema.

Fundi mwenyewe alitaja Brilliant Corners ya Thelonious Monk, na tulijua ataitaja, kwa sababu kibao chenye jina hilo kiliwashinda wapigaji: walijaribu mara ishirini na tano mwaka 1956 wasikimalize hata mara moja, mpaka mtayarishaji akaunganisha vipande. Fundi hupenda kitu chenye kiungo. Mwalimu akataja A Love Supreme, akatukumbusha kama kila mwaka kwamba Coltrane aliirekodi tarehe 9 Desemba 1964, siku ambayo Tanganyika ilikuwa inatimiza miaka mitatu ya Uhuru. Haina uhusiano wowote. Analijua hilo, na anafurahi vilevile.

Kisha akanigeukia. "Haya binti, sasa jibu."

Hapo ndipo nilipoitoa. Mwandishi ya Herbie Hancock, iliyorekodiwa San Francisco mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1970. Nimekuwa nikiificha kwa sababu sababu yenyewe inanitia aibu: mimi ni mhariri, na nilivutwa na jina. Nililiona zamani kwenye orodha ya santuri, nikadhani mtu amekosea, nikasoma majina ya wanabendi, nikacheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakageuka.

Maana kila mmoja ana jina la Kiswahili. Mwandishi ni Hancock. Ningemwita Mtunzi, lakini tusiwe wagumu. Billy Hart wa dramu ni Jabali, na hapo wamepatia kabisa. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga, na huyu alikuwa daktari kweli, aliyesomea Chuo Kikuu cha Howard, kwa hiyo ungeweza kumpa wilaya. Bennie Maupin ni Mwile, na kila nikiliona mkono unawasha kubadilisha ile e iwe i. Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto. Nasikia walikusudia roho ya mtoto, kitu chepesi cha mbinguni, lakini jana Shangazi alipolisikia alisema "Audhubillahi" na kuvuta mtandio.

Na Buster Williams, mpiga besi, ni Mchezaji.

"Namba ngapi?" akauliza Fundi.

Hapo ndipo kamusi ilipowaponza. Kwao ala inachezwa, kwetu inapigwa. Anayecheza ni yule aliye mbele ya jukwaa na jasho mgongoni, au aliye uwanjani na jezi. Majina waliyapata kwa James Mtume, kijana wa Philadelphia, mtoto wa Jimmy Heath, ambaye baadaye alipiga tumba kwenye bendi ya Miles. Ulikuwa wakati ambao Wamarekani weusi wengi walikichukua Kiswahili kama lugha ya Afrika nzima. Kwanzaa yenyewe, sikukuu yao ya mwisho wa mwaka, yenye a moja ya ziada, ilianzishwa California mwaka 1966. Zamani nilikuwa nawasahihisha kichwani. Siku hizi nashindwa. Mtu asiyejua bibi yake alizungumza lugha gani anafungua kamusi, anajichagulia Jabali. Nami nimekaa na kalamu nyekundu?

Lakini nilitakiwa niseme kuhusu muziki. Kibao cha kwanza kina mapigo kumi na matano kwenye kila mzunguko. Sikusoma mahali, nilihesabu kwa vidole ndani ya daladala, Buguruni hadi Posta. Ukizoea nane na nane unapitiliza moja kila mara, na besi haikusubiri. Kuna klarineti nzito ya Maupin inayonguruma chini kabisa kama mtu anayeongea usingizini. Nilisema hivyo tu. Sikuwa na la nyuma ya jalada.

Mwalimu alivunja sheria dakika ya sita. "Huyu mganga anapuliza." Akanyamaza. Ilipokwisha akajinyoosha. "Sijaipenda. Ndefu kama mkutano wa hadhara."

Ajabu, haikuniuma hata kidogo. Ile ya jalada ndiyo iliyoniuma.

Shangazi akauliza kama hakuna yenye Kiswahili cha watu wenyewe. Ipo. Uhuru Afrika ya Randy Weston, New York, Novemba 1960, mipango ya ala ikiwa ya Melba Liston na shairi la Langston Hughes. Mwanzoni kabisa anasikika Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, akilisoma shairi lile kwa Kiswahili, na nchi yake bado mwaka mmoja na siku kadhaa ifike kwenye neno analolitamka. Sauti imenyooka, ya kihutuba, kila silabi inasimama. Hapo Mwalimu hakuongea mpaka mwisho. Wala baada ya mwisho. Alitafuta viatu vyake.

Asubuhi hii nimelitumia spika la Fundi kabla hajaja kulichukua. Nimeweka Kind of Blue, toleo lililolala, bila kusoma chochote. Kwenye kibao cha kwanza, Miles anapokaribia kuingia na tarumbeta, Jimmy Cobb anagonga toazi moja, kubwa kidogo kuliko inavyohitajika. Lile toazi halinyamazi. Linatandaa juu ya kila kitu, tarumbeta inapita chini yake, na linaendelea kufifia mpaka unasahau kulisikiliza likiisha. Nimeishi na albamu hii miaka kumi na mbili. Nimerudisha mwanzo mara nne sasa, na Fundi anagonga mlango.