Nilivyochagua injini ya kanuni kwa mfumo wa mikopo ya SACCO

Mfumo ninaoutunza ni wa SACCO moja hapa Kenya, umeandikwa kwa Java, na masharti ya kukopa yalikuwa yametapakaa kila pembe ya msimbo. Kilichonisukuma kutafuta injini ya kanuni, yaani programu inayotunza masharti nje ya msimbo na kuyatekeleza, ni makato ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato ya mfanyakazi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wake, kwa hiyo kabla ya kumkopesha mwanachama ni lazima tujue atabaki na ngapi mkononi.

Na makato yenyewe hayatulii. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulianza 2023, Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba, mwanzoni mwa 2024 ukasimama, Machi ukarudi na sheria yake mpya. Oktoba 2024 makato ya bima ya afya ya SHIF yakachukua nafasi ya yale ya NHIF. Kila badiliko lilimrudisha programa kwenye msimbo, huku maafisa wa mikopo wakisubiri na wanachama wakipiga simu.

Wengi hulinganisha injini hizi kwa kasi. Mimi kasi niliiweka kando mapema. Mbinu ya Rete ya kuharakisha injini hizi, aliyoibuni Charles Forgy miaka ya 1970, inafaa pale kanuni zinapokuwa nyingi na moja inaamsha nyingine. Ombi la mkopo halina mambo hayo: taarifa zinaingia, jibu linatoka. Nilitaka kujua mawili tu. Nani ataandika kanuni? Na je, ombi la Januari litaweza kukaguliwa baadaye kwa kanuni za Januari?

Easy Rules, injini ndogo ya Java, ilinivutia kwa wepesi wake, ila tangu mwisho wa 2020 haiongezewi vipengele vipya, na kanuni bado ni za programa kuandika. Drools, injini nyingine ya Java, kwa lugha yake ya kuandikia kanuni iitwayo DRL, ina nguvu kwelikweli. Nilimwonyesha afisa wetu wa mikopo, mama mmoja, faili moja ya DRL. Akasoma mistari miwili, akavua miwani: "Sasa kijana wangu, hapa theluthi iko wapi?"

Ndipo nikageukia majedwali ya maamuzi ya DMN, ambamo kila mstari ni kanuni moja; DMN ni kiwango cha OMG, shirika la viwango vya programu, na Drools yenyewe inakiendesha. Hatukuhama injini, tuliacha DRL tu. Jedwali lile mama aliliona kama Excel yake ya kila siku, na kabla ya chai alikuwa ameshanirekebisha sharti la wadhamini.

Jedwali la NHIF tulilihitaji kwa mikopo ya zamani. Mshahara wa shilingi 60,000 hadi 69,999 ulikatwa 1,300. Kwenye jedwali hilo tulichagua alama ya U ya DMN, yaani mstari mmoja tu ukubali kila mshahara, na miwili ikikubali iwe kosa. Kwenye majaribio ukaingia mshahara wa 69,999.50 na jedwali halikurudisha chochote. Senti hamsini zilikuwa zimedondoka katikati ya madaraja mawili. Tukaandika [60000..70000), mabano ya mviringo yakimaanisha kwamba 70,000 yenyewe haimo. SHIF haina madaraja: asilimia 2.75, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye 60,000 anakatwa 1,650.

Tarehe ya ombi tuliifanya safu ya kwanza ya kila jedwali. Ushuru wa nyumba una mstari wake wa sifuri kwa kipindi uliposimama, na mkaguzi akiuliza, jibu lipo pale pale.

Hesabu ya riba niliiacha ndani ya Java. Fomula ndefu ndani ya kisanduku cha jedwali haisomeki na yeyote, mama wa mikopo wala mimi. Na kama masharti yako ni machache, yanabadilika mara moja kwa mwaka, sioni sababu ya kubeba Drools nzima.

Siku hizi mama anahariri jedwali mwenyewe. Haliendi kwenye seva hadi maombi ya zamani yapitishwe humo upya na meneja aone majibu yapi yamegeuka.