Kufuli la tranka

Leo mchana nimempokea binti yetu stendi ya Moshi, akitokea Bagamoyo, ambako anasoma kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya Kikristo isiyo ya serikali.

Mama yangu hakupenda tangu mwanzo mtoto wa Kilema, huku kwetu Kilimanjaro, apelekwe kusoma pwani. Nilimkumbusha kwamba mapadre walioanzisha misheni ya Kilema mwaka 1890 walitokea huko huko Bagamoyo, ambako shirika lao lilifika mwaka 1868. Hakunijibu, akaendelea kuchambua maharage yake.

Tulipofika nyumbani, tranka lilikataa kufunguka.

Kufuli nililolinunua Januari likiwa linang'aa lilikuwa limeshika kutu kwa hewa ya chumvi, hata ufunguo haukuzunguka. Nikalidondoshea mafuta ya taa, tukasubiri. Lilipoachia, tulikuta sare zilizokunjwa vizuri, kitabu cha nyimbo, na mchanga mweupe uliojikusanya kwenye pembe zote nne.

Mama aliuchota kidogo, akausugua kati ya vidole, akauliza, "Huko mnasali mchangani?"

"Bibi, hata kitandani umo!"

Wenzangu mnaosomesha watoto pwani, matranka yenu mnayakinga na kutu kwa kitu gani?