Mwali asiyetolewa

Kitabu kilinifikia kwa mkono wa rafiki aliyerudi kutoka masomoni Uingereza. Kilikuwa Curse of Strahd, kampeni ya Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo) ya mwaka 2016, yaani hadithi ndefu inayowachukua wahusika kutoka ngazi ya 1 hadi ya 10. Mzizi wake ni Ravenloft, mchezo wa Tracy na Laura Hickman uliochapishwa 1983. Rafiki alinikabidhi akasema, "Wewe ndiye mpenda hadithi, utaongoza." Nikawa mwongoza mchezo, yaani msimulizi anayewaigiza pia wahusika wengine wote, bila uchaguzi wala kura.

Wachezaji walikuwa watu wa nyumbani. Mdogo wangu wa kike, muuguzi, alicheza padri wa kike mwenye rungu. Mumewe, yaani shemeji yangu, Mzaramo wa Kisarawe, alicheza mpiganaji. Jirani wa ghorofa ya juu, mhasibu, alichukua mchawi kwa sababu mchawi ana hesabu nyingi. Mwenye kitabu alicheza mwizi. Tulikutana Jumamosi jioni sebuleni kwangu, Sinza, dadu la pande 20 likiwa moja tu, linapokezanwa. Usiku wa kwanza niliwasha mshumaa ili niwaingize kwenye bonde la Barovia, kwenye ukungu usiomruhusu mtu kutoka. Shemeji akauliza, "Vipi kaka, Luku imeisha?"

Joto la Februari na hadithi ya baridi na mbwa mwitu havipatani, lakini hilo lilinisumbua kidogo tu. Kilichonikosesha raha ni kwamba sikujua hadithi ile inahusu nini. Matukio niliyajua. Strahd von Zarovich, bwana wa kasri, alimtamani Tatyana, mchumba wa mdogo wake Sergei. Siku ya harusi akamuua Sergei, na Tatyana akajirusha kutoka ukutani mwa kasri. Tangu hapo Strahd ni mumiani asiyekufa, na roho ya Tatyana inazaliwa upya katika mwili mwingine, naye anamwinda tena. Safari hii jina lake ni Ireena Kolyana. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani. Dhamira sikuwa nayo.

Aliyesoma fasihi kwenye shule zetu anajua maana ya kubanwa na swali hilo. Mwalimu wetu wa Kiswahili kidato cha tatu alichoka na sisi kuandika "ujenzi wa jamii mpya" kwa kila kitabu, kiwe tamthiliya au diwani. Ukimjibu kwa neno moja, "mapenzi", anakurudishia: mapenzi yamefanya nini? Daftari langu la kampeni lilikuwa limejaa majibu ya namna hiyo. Hofu, laana, kisasi. Hofu niliifuta mwenyewe, maana hofu ni kitu mchezaji anachokipata mezani. Hadithi yenyewe haijasema lolote kwa kumtisha. Laana nayo ni chombo cha kusukumia matukio. Mapenzi niliyaogopa. Katika utangulizi, Tracy Hickman anaonya dhidi ya kumfanya mumiani mpenzi wa kuhurumiwa, kana kwamba ukimpenda vya kutosha atabadilika. Sikutaka meza yangu imwonee Strahd huruma.

Jibu lilitoka kanisani, na halikutoka kwangu.

Baba mlezi wa Ireena, mkuu wa kijiji, alikuwa amefariki, na jeneza lilikuwa bado ndani ya nyumba iliyozibwa madirisha. Ismark, kaka yake Ireena, aliwaomba wahusika wasaidie kulipeleka kanisani. Wakafika usiku. Padri Donavich amepiga magoti anaomba, sauti imemkauka. Halafu kutoka chini ya sakafu ikapanda sauti ya kijana: baba, nina njaa. Ni Doru, mwanawe, aliyekwenda kasri na kundi la waasi mwaka mmoja kabla akarudi akiwa mnyonya damu. Baba alishindwa kumuua, alishindwa pia kumwachia. Akamfungia chini, na tangu hapo anaomba juu ya kichwa chake.

Nilitegemea pigano fupi. Mhasibu alikuwa ameshaanza kuhesabu madhara ya moto. Lakini mdogo wangu aliweka dadu mezani, akaacha sauti ya mhusika wake, akauliza kwa sauti yake ya wodini:

"Kaka, huyu mzee anampenda mtoto wake au anamfuga?"

Nikamjibu kwa sauti ya Donavich kwamba anampenda.

"Anamlisha nini?"

"Hamlishi kitu. Anamwombea."

Akaguna. Shemeji, ambaye muda mwingi alikuwa akinyofoa mishkaki na kusubiri zamu yake, akaingilia. "Bibi yangu mzaa baba aliwekwa ndani alipovunja ungo. Mwali, haonwi na watu, anafundwa, jua analiona kwa tundu. Miezi. Mwenyewe alikuwa anasema alinenepa akawa mweupe. Lakini siku ya kumtoa Kisarawe nzima ilicheza." Akamgeukia Donavich, yaani mimi. "Sasa wewe mzee, siku ya kumtoa huyu ni lini?"

Nilifungua mdomo nikakosa neno. Kitabu kinamweleza Donavich vizuri, ila swali la namna hiyo hakimwandalii. Mwisho nikasema, nikimtaja mungu wa Donavich, "Siku Mola wa Asubuhi atakaponijibu," na nilipokuwa nalisema nikajua kwamba siku hiyo haipo, na kwamba kila mtu wa Barovia angenijibu vivyo hivyo.

Walibishana kwa muda mrefu kuliko pigano lolote tulilowahi kucheza. Mwizi alitaka waondoke kimyakimya. Mwisho padri wa mdogo wangu aliomba ufunguo badala ya kuvunja, na alimtaka Donavich ashuke naye. Doru aliruka mara tu mlango ulipofunguka. Dadu lilitoa 19, akaanguka. Nikaeleza mzee alivyokaa kwenye ngazi bila kushukuru wala kulaumu. Hakuna aliyefanya utani, na kwa meza yetu hilo si jambo la kawaida.

Walipoondoka sikulala. Nilirudi kwenye kitabu na kalamu nyekundu, na kila nilipogusa palikuwa na mtu amefungia mtu. Mary wa kijijini alimficha binti yake Gertruda ndani ya nyumba maisha yake yote, hadi binti alipotoroka, na alikokimbilia ni kasri. Ireena mwenyewe anazibiwa madirisha na kaka anayemtakia mema. Izek wa mji wa Vallaki ana chumba kilichojaa wanasesere wenye sura ya dada aliyempoteza. Sir Vladimir Horngaard, shujaa mfu wa jumba la Argynvostholt, hataki Strahd auawe, kwa kuwa kifo kitamtoa jela. Na Strahd, mfungaji mkuu, hana ruhusa ya kuvuka ukungu wake mwenyewe.

Nikaandika sentensi moja juu ya daftari: Barovia mtu hufungiwa na anayempenda, na hakuna siku ya kumtoa.

Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi. Onyesho lolote lisilogusa sentensi ile nililipitisha haraka; la kiwanda cha mvinyo nililimaliza kwa dakika chache, na mhasibu alilalamika kwa sababu alikuwa na mpango. Kinu cha wachawi nilikibakiza kwa sababu kinaipinga sentensi yangu. Kule wazazi wanawaachia watoto wao kwa bibi kizee Morgantha ili wapate vitumbua vya ndoto, na vitumbua vyenyewe vinatengenezwa kwa watoto hao hao. Nilikipenda kinu hicho kuliko kasri lenyewe. Bila hicho ningewafundisha wachezaji wangu kwamba kuachia ni kwema siku zote, na Barovia haiko hivyo.

Strahd nilimbadilisha kidogo. Nilimwondolea hotuba za majonzi, nikampa adabu ya mwenyeji anayehakikisha mgeni ana blanketi, ana chakula, ana kila kitu isipokuwa mlango. Mdogo wangu alimchukia mara mbili zaidi.

Tulipofika kijiji cha Krezk, kwenye bwawa lililobarikiwa, nilidhani nimeshaijua njia. Hapo roho ya Sergei inamwita Ireena majini, waungane, na kwa maandishi hilo ndilo pumziko lake. Nilisoma maelezo kwa sauti nzuri, nimeyafanyia mazoezi. Mdogo wangu akanyoosha mkono.

"Na huyu Sergei naye, kuna aliyemuuliza Ireena kama anamtaka?"

"Ni mchumba wake."

"Alikuwa wa Tatyana. Mimi namuuliza Ireena. Dada, wewe unataka kwenda wapi?"

Wote wakanigeukia, maana Ireena pia nilikuwa mimi. Kitabu hakikuwa na jibu la swali hilo. Nikawaambia chipsi zinapoa, tule kwanza.